Kuongezewa chuma hausingi ya nyuma ya Land Cruiser: uzoefu wangu na gereji

Gari ni Land Cruiser 79, pikapu iliyokatwa ikarefushwa kuwa ya watalii kama zilivyo nyingi hapa Arusha. Ukishaongeza bodi ndefu, viti, friji, tangi la ziada na mizigo ya kambi juu ya paa, mzigo wote huo unaishia kwenye ekseli ya nyuma, na anayeubeba ni hausingi, yaani ganda la chuma lenye difu katikati na mrija kila upande unaopitisha shafti ya gurudumu. Halafu lami inakwisha pale geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, na toka hapo mpaka Seronera, katikati ya Serengeti, ni rasta kwa rasta, yale mawimbi ya barabara ya vumbi. Yangu ilipasuka ufa mwembamba karibu na kikalio cha springi upande wa dereva, oili ya difu ikawa inatoka jasho. Badala ya kuziba ufa peke yake, nikawapa gereji kazi ya kuimarisha hausingi nzima: bati la milimita 6 chini ya mirija yote miwili, na pembe za kushikilia vikalio vya springi.

Jina la gereji siliweki. Kazi ina mazuri mengi na mabaya mawili matatu, na wanaosoma hapa nadhani wanataka zaidi kujua namna ya kukagua kazi ya namna hii kabla hawajatoa hela.

Tuanze na walichonifurahisha. Fundi hakuchomelea gari likiwa limesimama na oili ndani. Alitoa shafti, akashusha difu, akaosha hausingi mpaka ndani. Oili ikibaki kwenye chuma huungua na kutoa moshi, na moshi huo ndio unaoacha vitundu kwenye mchomo. Ufa wenyewe aliutoboa tundu dogo kila mwisho ili usiendelee kutembea, akauchimba kwa grenda mpaka chini, ndipo akaujaza. Vijiti vya kuchomelea vilikuwa aina ya E7018, na vilikaa kwenye kioveni chenye joto, si juu ya meza. Hapo nikampa heshima yake. Vijiti vya aina hiyo vinanyonya unyevu wa hewa, na unyevu ukiingia kwenye mchomo unaweza kuupasua saa kadhaa baadaye, wakati wewe umeshalipa na kuondoka. Ukitaka kujua gereji kabla ya kuwapa gari, waulize vijiti vyao vinalala wapi.

Wenye Land Rover 110 za zamani zenye ekseli ya Salisbury msinakili habari hii. Hausingi ya Land Cruiser ni chuma cha bati kilichokandamizwa, inachomeleka bila shida. Ile Salisbury katikati ni chuma cha kalibu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa, na mirija imesukumizwa ndani yake. Chuma cha kalibu kinataka vijiti vya nikeli, kipashwe joto kwanza na kipoe polepole.

Sasa ukaguzi. Nilikubaliana nao mapema kwamba rangi haipigwi mpaka nimeona. Fundi akikwambia ameshasaga mchomo kwa grenda na kupiga rangi nyeusi "ili upendeze", ujue hujabakiwa na kitu cha kukagua. Nikaingia chini na tochi, nikailaza ubavuni mwa chuma ili kila kishimo kitoe kivuli. Wengi tunatazama kama mistari imepangika kama magamba ya samaki, tunaridhika. Mimi naangalia kingo. Pale mchomo unapokutana na bati na mrija panatakiwa pateleze bila ngazi. Ukipitisha ukucha ukakwama kwenye kijifereji kando ya mchomo, hapo chuma kimeliwa na ndipo ufa mpya utakapoanzia. Kama mchomo umekaa juu ya chuma umevimba na kingo zimejikunja, basi haukushika, umelalia tu.

Upande wa kulia ulikuwa safi kabisa. Bati limekatwa ncha kwa mdomo wa V, na mchomo umeishia kando ya mrija, haukuuzunguka. Kushoto, kazi ya mkono mwingine, inaonekana. Bati limekatwa wima, likazungushiwa mchomo mrija mzima, tena karibu kabisa na kikalio cha springi. Hilo ni kosa baya kuliko mchomo wenye sura mbaya, kwa sababu mrija unapopinda kwa mzigo, nguvu zote zinasimama kwenye mstari huo mmoja.

Nilikuwa na dawa ya kupimia nyufa, zile kopo tatu: ya kusafishia, nyekundu, na nyeupe. Unapulizia nyekundu, unasubiri iingie, unafuta, kisha nyeupe. Kushoto, pale fundi aliponyanyulia kijiti, ukachomoza mstari mwekundu usiofika urefu wa punje ya mchele. Hawakubishana. Walisaga, wakakata ncha upya, wakachomelea tena bila kudai hata shilingi.

Kitu ambacho mteja hakioni kwa macho ni kupinda. Mchomo ukipoa unajivuta, na ukichomelea upande mmoja wa mrija unauvuta mrija wote kuelekea huko. Kwa hiyo fundi mzuri anachomelea vipande vifupi, anahama kushoto na kulia, anaacha chuma kipoe. Hapa ndipo nisipowapenda wanaotoza kwa idadi ya vijiti: kijiti kingi ni hela nyingi kwake na joto jingi kwako. Sisi tulikubaliana bei ya kazi nzima.

Kipimo changu ni shafti. Ekseli hii ya nyuma unafungua nati, unavuta shafti nje gari likiwa chini kwenye matairi. Irudishe kwa mkono. Ikiingia kwenye meno ya difu kwa ulaini, hausingi imenyooka. Ikidai nyundo, usikubali. Ya kushoto ilidai nyundo. Wakapasha joto upande wa pili wa mrija ili ujirudi, na baadaye nilipopima kwa futi kati ya rimu na rimu, mbele ya magurudumu na nyuma yake, tofauti ilikuwa chini ya milimita mbili. Matairi mpaka sasa yanalika sawasawa.

Lawama yangu kubwa ni kibomba cha kupumulia cha hausingi. Walikirudisha kikiwa kimezibwa na cheche za mchomo. Difu ikipata moto na haipumui, inasukuma oili kwenye sili za magurudumu hadi kwenye breki. Nimeligundua mwenyewe, baada ya kuona sili mpya inavuja.

Hausingi ya nyuma ningewapa tena, kwa sharti la fundi yule wa upande wa kulia. Ya mbele bado. Huko kuna nako za usukani, viungo vinavyogeuza magurudumu, na pembe za magurudumu hazivumilii hausingi iliyovutika hata kidogo, na sikuona pale kwao chuma kilichonyooka cha kupitisha ndani ya mirija kupimia wakati wa kuchomelea. Wakikinunua nitarudi.