Rangi "isiyochagua sakafu" imeondoka na tairi

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mkiona nimezidisha mnisamehe. Au msinisamehe, yote sawa.

Nyuma ya nyumba nina banda la kuegesha gari, sakafu yake ni zege lililopigwa niru, ile saruji laini ya kung'arisha juu, miaka mingi iliyopita. Ukifagia, vumbi haliishi, na Noah yangu haijambo kwa kudondosha oili. Nikaenda Kariakoo kutafuta epoksi, rangi ngumu ya sakafu, ile ya makopo mawili, rangi na hadina yake ya kuikaza. Nikamweleza kijana wa dukani: niru yenyewe inateleza kama sahani, na wakati wa masika huwa pana unyevunyevu. Hakuinua hata macho kwenye simu. "Bosi, hii mali haichagui sakafu. Osha, paka, baada ya siku chache unaegesha." Nikauliza, haitaki kukwanguliwa kwanza? Ndipo akaniangalia. "Kwani wewe fundi?" Wenzake wakacheka. Mtu mzima mimi, nimeshika hela za mbuzi wawili mkononi, nachekwa. Na bado nikanunua! Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Fundi wangu akaosha kwa sabuni ya unga, ikakauka, akapiga rola. Jamani, ilipendeza. Wiki nzima nilikuwa naamka usiku namulika tochi, kuiangalia tu. Mngeniuliza siku zile ningewaambia kanunueni, tena mkope.

Sasa siku moja, mvua zilikuwa zimeanza au ndiyo zinaanza, nikarudi kutoka mjini, foleni yote ile, matairi yamechemka, nikaegesha. Asubuhi narudisha gari nyuma, nasikia mlio kama mtu anabanduliwa plasta kwenye mguu wenye vinyweleo. Kushuka: rangi imebanduka sehemu nne, kila moja ukubwa wa chapati, na chini yake niru inang'aa kama haijawahi kupakwa kitu. Kipande kimoja kilikuwa bado kimeng'ang'ania tairi. Nikakivuta. Upande wa nyuma kilikuwa laini, kina majimaji. Ukoko wa wali unashika sufuria kuliko rangi ile ilivyoshika sakafu yangu.

Nikakitia kwenye mfuko, mguu wangu hadi dukani. Kijana ni yule yule. Akakigeuzageuza, akasema bila aibu: "Hapa bosi, fundi wako hakukwangua." Mdogo wangu! Kidogo nipande juu ya kaunta.

Ila kuna jambo linanikera maana linamtetea. Kona moja oili ilikuwa imezama, sabuni ikashindwa, fundi akaipiga grainda mpaka kokoto zikaonekana. Kona ile nimeigonga kwa nyundo, nimeichokonoa kwa bisibisi, haitoki. Rangi ile ile, kopo lile lile. Jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi za ujenzi, akanionyesha mambo mawili ya bure kabisa. Dondosha maji: kwenye niru yanakaa duara kama kwenye jani la mgomba, kwenye ile kona yananyweka. Kisha akabandika kipande cha nailoni sakafuni, gundi pande zote, tukakiacha mpaka kesho yake. Tulipokibandua kilikuwa na matone kwa chini. Chini ya zege langu haikutandikwa nailoni ya kuzuia maji ya ardhini, unyevu unapanda wenyewe. Kumbe hata wanaomwaga zege jipya huambiwa wasubiri siku 28 kabla ya kupaka, na bado wapime hivyo.

Kwa hiyo rangi haina kosa? Nilikuwa nakaribia kusema hivyo, halafu nikatazama mlangoni, pale jua linapopiga mchana: kijivu changu kimegeuka manjano kama meno ya mvuta sigara. Hiyo nayo fundi alikwangua nini? Anayekaa juani aombe poliuretini, rangi ya kupaka juu yake inayovumilia jua, mimi sikuambiwa hata kama ipo.

Nyota mbili. Tatu, kwa ajili ya ile kona. Kijana wa kaunta simpi hata nusu.

Fundi anakuja Jumamosi na mashine ya kukodi ya kusaga sakafu yote, halafu tuone huo unyevu tunaufanyaje kabla hatujafungua kopo. Rangi itabidi niongeze, na nataka ile ile. Dukani namtuma shemeji.