Yamaha YZF-R6 na Kawasaki Ninja ZX-6R 636: ipi imfae mwendeshaji mzoefu?

Pikipiki hizi mbili za Kijapani zina injini za silinda 4 zilizopangwa kwa mstari, na kila silinda ina kipenyo cha milimita 67. Kinachozitenganisha ni mwendo wa pistoni (umbali ambao pistoni husafiri ndani ya silinda), ambao ni milimita 42.5 kwa Yamaha na 45.1 kwa Kawasaki. Tofauti hiyo, ndogo kuliko unene wa sarafu mbili, ndiyo inayoipa Kawasaki ujazo wa sentimita za ujazo (cc) 636 dhidi ya 599, na ndiyo inayoamua tabia ya kila moja.

R6 hufikia kilele cha nguvu karibu na mizunguko 14,500 kwa dakika, na chini ya 8,000 huwa nzito kuamka, hivyo mwendeshaji asiyechagua gia sahihi kabla ya kuingia kona hutoka amechelewa. Anayeimudu, hata hivyo, hupewa usukani mwepesi na sauti ya injini ambayo mimi binafsi sijaona mfano wake katika daraja hili. ZX-6R huvuta mapema zaidi na humsamehe aliyekosea gia, jambo lenye thamani kubwa barabarani.

Barani Ulaya, tangu 2021 Yamaha imeuza R6 kwa viwanja vya mbio pekee, ilhali ZX-6R ya 2024 imetimiza masharti ya hewa chafu ya Euro 5. Kwa barabara ningechukua Kawasaki. Kwa uwanja, R6 bila kusita.