Mpira wa mlango wa gereji: miezi minane baadaye, Kiamunyi

Ukisema gereji hapa Nakuru, watu wanawaza mafundi wa magari, oili chini na redio inayopiga kelele. Mimi nazungumzia chumba cha gari pale nyumbani. Kwangu gari liko upande mmoja, magunia ya mahindi upande wa pili, na katikati baiskeli za watoto na jenereta iliyokufa zamani. Mlango ni ule wa vipande vinne vya bati unaopanda na kulala chini ya dari, upana futi 8, unavutwa kwa mkono. Uliwekwa mwaka 2013, na tangu hapo hakuna aliyeukumbuka mpira wake wa chini, ule ukanda wa raba unaoziba nafasi kati ya mlango na sakafu.

Inasemekana jina la mji huu limetoka kwa Wamaasai na maana yake ni mahali pa vumbi. Hawakukosea. Udongo wetu wa majivu ya volkano ni mwepesi kama unga, na ikifika Januari na Februari, gari ulilosugua jana leo unaweza kuliandika jina kwa kidole. Hilo tulikuwa tumelizoea. Kilichonitoa usingizini ni mvua ya Aprili: maji yalipita chini ya mlango usiku mmoja, na tulipokuja kuligeuza gunia la chini tukakuta mahindi yameota. Mama watoto hakusema neno. Alilikokota lile gunia hadi mlangoni pa sebule akaliacha hapo.

Nilipiga magoti kuuangalia ule mpira. Ulikuwa umekakamaa kama ngozi ya ng'ombe iliyosahauliwa juani, una nyufa mwili mzima, na kwenye pembe ya kushoto haukuwepo kabisa. Panya walikuwa wamejifanyia njia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Niliingia duka la vifaa vya ujenzi mjini nikasema nataka raba ya mlango wa gereji. Nikauziwa ile ya sponji yenye gundi nyuma, ambayo kazi yake ni madirisha. "Hii inashika kila kitu, mzee," muuzaji akaniambia. Ilishika siku tisa. Sponji inakunywa maji, na chini ya mlango ndipo maji yalipo, kwa hiyo sijui hata nilikuwa nafikiria nini.

Fundi niliyemwita baadaye alicheka, kisha akanionyesha kitu ambacho nimekipita miaka yote. Ukingo wa chini wa mlango umefungwa kipande cha alumini chenye mifereji miwili myembamba, na mpira una masikio mawili yanayoteleza ndani ya mifereji hiyo. "Huu haubandikwi, mzee. Unavutwa kama mkanda wa suruali."

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko zote, na ndipo wengi wanapopoteza pesa. Urefu wa mlango kila mtu anaweza kuupima. Kinachokataa ni umbo la lile sikio. Langu ni la herufi T, upana wa kichwa chake milimita 8. Yapo ya milimita 6, yapo ya duara kama shanga, na hayaingiliani. La milimita 6 kwenye mfereji wa 8 litachomoka, la 8 kwenye mfereji wa 6 halitaingia hata ulisomee. Jambo la pili ni upana wa mpira wenyewe, ambao hupimwa ukiwa umelazwa bapa. Wangu ni sentimita 10, lakini ukishaingia mferejini unajikunja kama herufi U, na kinachoning'inia ni kidogo kuliko unavyodhani. Nilikata kipande cha mpira wa zamani, nikakipiga picha ncha yake ikiwa kando ya rula, nikamtumia muuzaji wa Nairobi. Akanijibu kwa dakika chache kwamba anao. Mita tatu kwa shilingi 520 kila mita, na 300 za kutuma kwa matatu.

Nilisisitiza nipewe EPDM, aina ya raba ya viwandani, siyo plastiki ya PVC. Tofauti ya bei ilikuwa ndogo, na EPDM inavumilia jua kwa miaka mingi bila kukakamaa, wakati PVC hugeuka ngumu asubuhi ya baridi na kuacha kukumbatia sakafu. Udhaifu mmoja wa EPDM lazima niutaje, maana nilikaribia kuuharibu mpira kwa mkono wangu: haupatani na mafuta ya jamii ya petroli, grisi ikiwemo. Nilikuwa nimeshika kopo la grisi ili uteleze vizuri mferejini, fundi akaninyang'anya. Grisi na oili huuvimbisha na kuulegeza. Tulitumia maji ya sabuni.

Kuuingiza kulichukua dakika 40, na 25 kati ya hizo zilikuwa za kusafisha mifereji kwa bisibisi bapa na brashi ya waya, kwa sababu vumbi la miaka kumi na zaidi lilikuwa limeganda kama saruji. Mmoja anavuta, mwingine analisha kutoka upande wa pili. Fundi alitaka kuukata sawasawa na ukingo pale pale, nikamzuia. Mpira uliovutwa unarefuka, kisha unarudi wenyewe. Tuliacha sentimita tano kila upande, tukaukata kesho yake, na hata hivyo tukabakisha kidogo.

Onyo moja kwa anayetaka kufanya mwenyewe: usiguse springi iliyo juu ya mlango, wala zile bolti za pembe za chini zinazoshika waya wa chuma. Zimebeba uzito wote wa mlango. Kubadilisha mpira hakuhitaji kuzifungua hata kidogo, na anayekuambia zifunguliwe mwambie aende.

Mipira ya ubavuni sitaisifia sana. Ni mbao nyembamba za PVC zenye ulimi laini unaolalia uso wa mlango, unazipigilia kwenye fremu mlango ukiwa umefungwa. Ulimi uguse na kujikunja kidogo tu; fundi aliubana mno upande wa kulia na mlango ukawa mzito mpaka mtoto wangu wa darasa la saba akashindwa kuuinua. Tukang'oa, tukasogeza. Shilingi 1,800 pande zote na juu. Vumbi limepungua, ni kweli, lakini kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu, anza na wa chini.

Kisha kuna mpira wa kizingiti, ule mnene unaogandishwa sakafuni ili mlango ukishuka ukalie. Niliuongeza kwa sababu sakafu yangu imezama kushoto karibu sentimita mbili, na hakuna mpira wa mlangoni unaoweza kuliziba shimo hilo peke yake. Mara ya kwanza nilifagia, nikapaka gundi, nikaondoka. Wiki ya pili gurudumu la gari lilikata kona juu yake na ukang'oka wote kama chapati kwenye kikaango. Mara ya pili nilisugua sakafu kwa brashi ya waya, nikaosha, nikaacha ikauke siku nzima, nikafuta kwa spiriti, nikachora mstari wa chaki mlango ukiwa chini, kisha gundi ya poliyurethani. Gari likalala nje usiku huo na mchana uliofuata. Umeshika hadi leo. Kero yake ni kwamba maji hayachagui upande: gari likiingia limelowa, matone yanabaki ndani, na sasa kila jioni ya mvua nina kazi ya tambara.

Kuhusu panya, usidanganywe kwamba mpira unawazuia. Panya mwenye nia anautafuna. Nilijaza pamba ya chuma kwenye pembe mbili za chini, nyuma ya mpira, na hapo ndipo waliposalimu amri. Panya mdogo hupita kwenye upenyo unaotosha kalamu, kwa hiyo jifungie ndani saa sita mchana bila taa ukaangalie mwanga unatokea wapi. Mimi nilikuta mstari mmoja kulia ambao nisingeuona kwa nje.

Pamoja na fundi, aliyechukua 1,500, na kizingiti cha 2,600, zimenitoka shilingi 7,760, bila kuhesabu ile sponji ya madirisha. Gunia la mahindi yaliyoota tuliwapa kuku. Kipande kilichobaki cha EPDM jirani alikiomba kwa ajili ya mlango wa banda lake la sungura, na alipokuja kukichukua alikuja na kopo la grisi.