Uhuru Park: boti ni za watoto, kilima ni chetu

Ukienda Uhuru Park, Nairobi, kwa sababu ya boti tu, utakuwa umeona nusu. Lakini jaribu kuwaambia hivyo watoto wa kaka yangu waliotoka Kitale! "Shangazi, ile nyekundu! Ile nyekundu!" Ziwa ni la kuchimbwa, si kubwa, ila upepo ukitulia maghorofa ya mjini hujitazama humo. Uliza bei kabla hujakanyaga boti, na uliza ni ya dakika ngapi. Jaketi la kuokoa maisha lidai hata kama mwenye boti amenyamaza.

Ubaya ni kwamba adhuhuri kando ya maji kivuli ni haba na kabro zinachoma. Mimi ni msusi Kenyatta Market, wiki nzima nimesimama juu ya vichwa vya watu. Siku ya mapumziko nataka kukaa. Tukapanda kilimani. Huko ndiko kwenyewe. Unajinyoosha kwenye nyasi, mbele yako jumba la mikutano la KICC, ghorofa la Times Tower na Bunge, unakula chapati na ndengu ulizobeba. Kelele za ile barabara ya juu iliyofunguliwa 2022 zinafika, lakini unazizoea.

Mzee Kenyatta aliifungua bustani hii 1969, na Katiba ya 2010 Rais Kibaki aliitia sahihi hapa hapa. Mkubwa wa watoto alitaka kujua kwa nini kuna kona inayoitwa Freedom Corner. Nikamwambia: 1989 serikali ilitaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 humu bustanini. Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, akakataa, akatukanwa hadi bungeni, na jumba halikujengwa. Kisha 1992 akaketi kwenye kona hiyo na kina mama waliogoma kula, wakidai wana wao waliofungwa kwa ajili ya siasa waachiliwe. Polisi wakawapiga, wakahamia Kanisa Kuu la All Saints, hapo karibu tu.

"Wana wao walitoka?"

Walitoka, wengi wao mwaka uliofuata. Mdogo wake, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza kama wale kina mama walipanda boti.

Wapiga picha watakufuata. Ukikubali, mwambie akupige ukiwa kilimani, mji nyuma yako. Zangu za ziwani zimejaa migongo ya watu.