Wilson au Gould: sayansi ishike yote au nusu tu?

E. O. Wilson na Stephen Jay Gould wote walikuwa wanabayolojia na maprofesa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, Wilson mtu wa sisimizi, Gould mtu wa konokono na visukuku (mabaki ya viumbe wa kale), na kwenye swali la sayansi ifike mpaka wapi walipishana kabisa. Gould mwaka 1997 aliandika kwamba sayansi ishike vile dunia ilivyo, dini ishike maana na maadili, yani kila mmoja na shamba lake. Wilson mwaka 1998 akasema hapana, maarifa ni kitu kimoja, kuanzia fizikia mpaka sanaa na maadili.

Kwa Gould napenda ile heshima, ila huo mpaka wake unavuja jamani. Chukulia mtoto anaharisha, zamani mama wengi walikuwa wanamnyima maji ili tumbo likate, na walifanya kwa upendo kabisa, leo mama mwenye upendo uleule anakoroga paketi ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwenye lita moja ya maji safi anamnywesha kidogokidogo. Kilichobadilika ni kujua tu, na hapo wema nao umebadilika!

Wilson naye anabanwa, paketi moja watoto wawili, nani apewe? Maabara haikwambii. Lakini mimi bado niko kwake, maana hata hapo lazima kwanza ujue yupi kaishiwa maji zaidi.