Fences: mzoa taka aliyenikosesha usingizi Nkuhungu

Mbukwenyi wadau! Tuko hewani tena kutoka Nkuhungu, hapahapa Dodoma. Leo upepo umechachamaa, mkisikia bati linagonga mjue siyo maiki. Ile video ya spika niliyowaahidi imekwama, spika yenyewe imeungua. Tuachane nayo.

Leo ni Fences. Muvi ya 2016, Denzel Washington kaigiza na kaongoza mwenyewe. Hadithi wengi mnaijua: Troy, mzoa taka mweusi wa Pittsburgh, Marekani, miaka ya hamsini, haziivi na mwanaye Cory. Nilianza kuitazama nimenuna. Saa mbili na ushee watu wanapiga domo uani! Nikawa nalilia bando langu tu.

Halafu ikaja sehemu moja. Ngoja nirudishe... hapa. Baba na mwana wako kwenye mbao za uzio. Dogo anataka TV, dola 200. Mzee anamwambia paa linataka lami, dola 264, likivuja utafanyaje? Mwone dogo alivyonywea. Sasa tegeni sikio: baada ya kumbana vile, mzee anasema tafuta mia, na mimi nitaongeza mia. Umeona? Kashalainika! Mbele kidogo dogo anauliza mbona hujawahi kunipenda. Mzee anawaka: unakula? Unavaa? Unalala ndani? Na kila swali lijibiwe kwa heshima, "ndiyo, mzee." Nimesimamisha hapo mara nne. Huyo ni mzee wa Kongwa kabisa, amekosa ng'ombe tu.

Na hapo ndipo muvi zetu zinaponiudhi. Akitokea Mgogo, mtu wa huku kwetu Dodoma, basi ni ombaomba, au mlinzi wa getini aliyebebeshwa lafudhi ili watu wacheke. Kaongea mawili, katoka. Lini mmemwona Mgogo ana kiburi, anachepuka, ana mtoto anayemwogopa na kumpenda? Troy anabeba mapipa ya taka na kapewa muvi nzima. Wala si malaika, anamkosea mkewe vibaya mno. Huyo mke, Rose, ndiye Viola Davis, na Oscar ya 2017 hakupewa kwa huruma. Oscar ya Picha Bora waliichukua Moonlight, nayo kali, ila mimi... basi, msije kunitukana kwenye komenti.

August Wilson ndiye aliyeiandika, ikiwa mchezo wa jukwaani, ikachukua Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi Marekani, 1987. Alikataa katakata muvi kuongozwa na mzungu, alitaka mweusi anayeyajua maisha yale. Alifariki 2005, hakuiona. Mimi nilikuwa nasema msanii ni msanii, yeyote aongoze. Baada ya ile sehemu ya uani, siko tena na uhakika.

Kasoro? Gabriel, mdogo wake Troy aliyeumia kichwa vitani. Kila akiingia na tarumbeta lake naona kawekwa pale tumhurumie tu. Hapo wamechemka.

Bei: nimekodi mtandaoni kwa kadi ya mshikaji, bado ananidai. Wa kuwekewa kwenye flashi kwa buku, sijawaona na sijawasikia.

Mzee wangu nilimwekea Jumapili baada ya ugali. Alisinzia kabla hata Cory hajafukuzwa nyumbani. Alipoamka majina yanapita kwenye kioo, akajifuta uso, akaniuliza kitu kimoja tu: "Lile paa walilipaka?"