Kipima hewa cha ukutani kisichotumia waya: kinafaa Goma, mradi kirekebishwe kwanza

Kifaa ninachokizungumzia ni kisanduku cheupe cha plastiki kinachobanwa ukutani ili kupima hewa ukaa, joto na unyevu, kisha kutuma vipimo kwa redio ya LoRa, inayofika mbali kwa umeme kidogo, hadi kwenye kipokezi kilichowekwa ofisini. Tumekifunga katika darasa la kompyuta kartie ya Himbi, ambako wanafunzi hujaa na madirisha hufungwa kwa sababu ya vumbi, na kwa sehemu kubwa nimeridhika nacho.

Sifa yake kuu ni ubanaji wa umeme. Kupima joto na unyevu hula betri kidogo sana. Kinachokula ni kihisi cha hewa ukaa, ambacho hata kikipima mara moja tu kila dakika tano huvuta wastani wa karibu nusu miliampea, yaani miliampea-saa 12 kwa siku, kiasi ambacho betri mbili za AA zinaweza kukibeba kwa miezi kama saba. Kati ya kipimo na kipimo kifaa chote hulala, na skrini yake ya wino wa kielektroniki hula umeme pale tu tarakimu zinapobadilika. Umeme wa mtaa ukikatika, upimaji hauna habari.

Antena imewekwa juu, mbali na chuma chochote, na kihisi cha joto kiko kwenye pembe ya chini ili kisipashwe na saketi. Lakini bamba la nyuma lina tundu kubwa la kupitishia waya, na kwa kuwa ukuta wetu ni wa mbao, upepo wa nje uliingia kwenye ufa wa ubao, ukapita tunduni na kukipiga kihisi, hata kikaonyesha hewa safi huku darasa limejaa watu. Tuliliziba tundu kwa kipande cha sponji, tukakaza skurubu upya, na namba zikapanda. Abuniye kifaa cha ukutani lazima aufikirie pia ukuta unaopitisha hewa.

Kasoro nzito zaidi ni ya mwinuko. Goma iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa likiwa pungufu kwa asilimia kama 15, na kihisi kinachotambua gesi kwa miale ya infraredi hukuta molekuli chache zaidi katika nafasi ileile. Kwa hiyo kifaa kilichotufikia kikiwa kimewekwa mwinuko sifuri kingesoma karibu 850 mahali penye sehemu 1,000 katika milioni. Rekebisho lipo kwenye programu ya simu, ila limefichwa ndani kabisa, na kijitabu hakilitaji. Hilo lingepaswa kuwa swali la kwanza ambalo programu inamuuliza mnunuzi, awe Goma au Bukavu.

Wapo watakaouliza kuhusu mazuku, yaani hewa ukaa ya volkano inayotoka ardhini. Kifaa hiki hakikuundwa kwa kazi hiyo, nasema hivi kwa uzito wote: kipimo chake kinaishia sehemu 5,000 katika milioni, yaani nusu ya asilimia moja, na kinakaa usawa wa kichwa, ilhali gesi ya mazuku ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni na mashimoni, na hufikia kiwango cha kuua. Anayeishi karibu na mahali pa namna hiyo asikitegemee hata kidogo. Kwa madarasa na vyumba vya mikutano ninakipendekeza, na mnunuzi amtake muuzaji aweke mwinuko sahihi mbele yake kabla ya kulipa.